UZI: Spika za dari na sabufa kwa bajeti ndogo, hela iende wapi kwanza?

Mleta uzi:

Wakuu habari zenu. Huu uzi nimeuahirisha sana lakini kila siku naulizwa swali lile lile, "nataka kufunga spika za dari nipate sinema ya nyumbani, bajeti imebana, nichukue zipi na sabufa gani", nikaona bora nimwage yote sehemu moja ili mwenye kuuliza aulize hapa hapa na wengine wasome.

Jibu langu nalitoa kabisa mwanzoni. Kama hela ni ndogo, nunua spika za dari MBILI tu, za kawaida lakini zenye twita (kile kispika kidogo cha sauti kali) inayogeuzwa, halafu kinachobaki chote kiende kwenye sabufa moja ya maana. Wengi wanafanya kinyume, wanatoboa dari matundu sita, sebule inapendeza kwelikweli, halafu pembeni kuna kasabufa ka inchi 6 kanavuma noti moja tu filamu nzima. Mlipuko ukija unasikia "bup", ngurumo ikija "bup", gari likipita "bup".

Kwanini nasema hivyo. Spika ya dari haina boksi lake, boksi lake ni ule uwazi wa juu ya dari na hakuna anayejua uko vipi. Na besi ni kazi ya kusukuma hewa, ukishuka kutoka Hz 80 mpaka Hz 40 (Hz ni mitetemo kwa sekunde, namba ikiwa ndogo besi ni nzito zaidi) ukataka sauti ibaki vile vile, koni (ule uso wa spika unaotikisika) inatakiwa isukume hewa mara 4 zaidi, ukishuka tena mpaka Hz 20 ni mara 4 nyingine juu ya hiyo. Koni ya inchi 6.5 iliyoning'inia kwenye jipsamu haiwezi hiyo kazi, ukiilazimisha inaanza kukoroma na jipsamu nayo inatetemeka. Sasa ukiingia kwenye risiva (ile amplifaya inayogawa sauti kwa spika zote) ukaiambia krosova, yaani mpaka wa kugawa besi na sauti nyingine, iwe Hz 80 au hata 100, besi yote inaondolewa kwenye zile spika ndogo inapelekwa kwenye sabufa. Hapo ile spika ya bei chee inapumua, sauti inakuwa safi, na risiva nayo haichemki maana besi ndiyo inayokula wati nyingi. Yaani sabufa nzuri inazipandisha daraja spika zote ulizonazo, lakini spika nzuri za dari haziwezi kuipandisha daraja sabufa kimeo.

Tuelewane kwanza kwenye neno maana hapa watu wanapigwa. Tukisema sabufa wengi tunamaanisha ule mtambo mzima wenye rimoti, redio, bluetooth na vispika viwili au vitatu vya pembeni. Hiyo siyo ninayoongelea. Naongelea sabufa yenyewe, boksi moja, koni moja, amplifaya yake iko ndani, inachomekwa umeme wake na inapokea waya mmoja wa RCA kutoka kwenye tundu la risiva lililoandikwa SUB OUT. Ile ya mtambo ukiitoa kwenye ndugu zake mara nyingi haina pa kuchomeka huo waya vizuri, kwahiyo usinunue ukidhani utaiunganisha.

Sasa spika za dari zinafanya kazi gani? Sio za mbele. Tafadhali sana spika tatu za mbele, kushoto, kulia na ya katikati, zibaki usawa wa TV. Ile ya katikati ndiyo inayobeba karibu maongezi yote ya filamu, ukiipeleka darini unamuona mtu anaongea kwenye kioo lakini sauti inadondoka kutoka kwenye taa, na ubongo hauzoei, mimi nilikaa nayo miezi nikiamini nitazoea. Hata spika za mezani za kawaida ulizokuwa nazo zamani zitafanya kazi hiyo vizuri kuliko spika ya dari ya gharama.

Kazi ya dari ni sauti za juu. Dolby Atmos, ule mfumo wa sauti unaotumia na spika za juu, iliingia kwenye majumba ya sinema mwaka 2012 na ikaja majumbani 2014, na ndio maana unaona namba kama 5.1.2. Ya kwanza ni spika za usawa wa masikio, ya pili sabufa, ya tatu za juu. Kwahiyo 5.1.2 ni tano chini, sabufa moja, mbili darini, na kwa sebule ya kawaida yenye kochi moja hiyo inatosha sana.

Mahali pa kutoboa ndio panauma zaidi maana ukishakata umekata. Kaa kwenye kochi lako, lile lile utakaloangalia nalo, mwambie mtu apime kutoka sikio lako mpaka dari. Tuseme dari iko mita 2.8 na sikio liko mita 1 kutoka sakafuni, basi una mita 1.8 juu yako. Mwongozo wa Dolby kwa spika mbili za juu ni nyuzi 65 mpaka 100 ukipima kuanzia mbele yako kwenda juu (90 ni juu ya kichwa kabisa). Kwa hiyo mita 1.8, hesabu inakupa kuanzia kama sentimita 84 mbele ya kichwa mpaka kama sentimita 32 nyuma yake. Mimi nachagua mbele kidogo ya kichwa, sentimita 30 hivi, halafu kwa upana zifuate mstari wa spika zako za mbele za kushoto na kulia. Usikubali fundi akuwekee kwenye pembe nne za chumba eti ndio inapendeza zaidi, macho yatafurahi ila sauti itakuwa haieleweki inatoka wapi.

Kuhusu spika zenyewe usiangalie wati kwanza, angalia sensitiviti (spika inatoa sauti kubwa kiasi gani kwa wati ile ile) na omu (ukinzani wake kwa umeme). Sensitiviti inaandikwa kwa dB, spika ya dB 90 inahitaji nusu tu ya wati ambazo ya dB 87 inahitaji kutoa sauti ile ile, na kwa risiva ndogo hiyo ni tofauti kubwa. Omu tafuta 8, risiva nyingi za bei ya chini hazifurahii 4. Halafu twita, hakikisha inageuka kwa kidole, ukishafunga unaielekeza kwenye kochi, maana sauti kali inatoka kama mwanga wa tochi, ukiwa pembeni yake inafifia.

Na hapa nisimulie nilivyokula hasara. Spika zangu za kwanza za dari nilichukua nne kwa mpigo, bei ilikuwa nzuri mno, nyeupe, safi, zina jali ya chuma. Nikafunga, nikaunganisha na risiva, sauti nyembambaaa kama tangazo la uwanja wa ndege, nikapandisha volyumu mpaka karibu na mwisho bado. Nikashusha moja nikaigeuza, nyuma yake kuna kadude keusi kama kiberiti kamebanwa kwa skrubu, kana nyaya za rangi tofauti na maandishi 100V, na wati 3, 6, 10. Hiyo ni transfoma. Zile ni spika za matangazo, za maofisini na kwenye kumbi, zinatumia amplifaya za aina nyingine kabisa. Aliyeniuzia nilipomrudia akaniambia spika ni spika, na hela hakurudisha. Kwahiyo mkuu kabla hujalipa, igeuze spika. Ukiona 70V au 100V popote, irudishe kwenye boksi lake. Unachotaka ni vichomeo viwili tu, nyekundu na nyeusi, na pameandikwa omu 8.

Sabufa sasa. Puuza kabisa namba ya PMPO, ile haina maana yoyote, tafuta wati za RMS, yaani zile inazoweza kutoa mfululizo. Puuza pia "inashuka mpaka Hz 20" kama hawajaandika pembeni yake plasi au mainasi dB ngapi, maana kila sabufa inashuka mpaka Hz 20, swali ni inafika huko ikiwa na nguvu au inanong'ona. Ukubwa wa koni ni wa kweli, koni ya inchi 12 ina eneo mara 2.25 ya koni ya inchi 8, hilo huwezi kulidanganya. Kwa filamu kwa bajeti ndogo mimi nashauri inchi 10 au 12 yenye tundu la kupumulia kwenye boksi, kwasababu ile yenye tundu inatoa sauti kubwa zaidi huko chini kwa wati zile zile. Yenye boksi lililofungwa ni ndogo na ni tamu kwa muziki, lakini kwa filamu itakudai wati nyingi. Chumba kidogo kilichofungwa, 10 inatosha. Sebule iliyoungana na sehemu ya kulia chakula na korido, jipange kwa 12, maana hewa yote hiyo ni ya kwake kuisukuma.

Waya nao. Kuna waya umeandikwa CCA, huo ni alumini iliyopakwa shaba, na alumini inapitisha umeme kama asilimia 60 hivi tu ya shaba. Chukua wembe, kwangua uzi mmoja, ndani ukiwa mweupe achana nao. Shaba halisi ya milimita 1.5 za mraba inatosha mpaka mita 15 kwa spika ya omu 8, zaidi ya hapo panda 2.5. Na usiulaze pamoja na waya wa umeme juu ya dari, kama lazima vikutane basi vikatize kama msalaba.

Nimeandika sana, maswali karibuni.

Mdau 1:

Asante mkuu somo limeingia. Mimi dari yangu ni zege tupu, hakuna uwazi. Naweza kushusha jipsamu sehemu ya hizo spika tu?

Mleta uzi:

Unaweza, ila shusha angalau sentimita 15, maana spika nyingi za inchi 6.5 zinakula kina cha kama sentimita 10 na usitake sumaku iguse zege. Lakini kama unashusha kwa ajili ya spika tu mimi ningeacha. Chukua spika mbili ndogo za kawaida, zifunge juu kabisa ya ukuta wa mbele zikiangalia chini kwenye kochi, kwenye risiva unazichagua kama Front Height. Sio sawa na za kichwani lakini ni nzuri, na boksi lake linajulikana. Kuna zile pia zinazokaa juu ya spika ya mbele zikirusha sauti darini irudi kwako kama kioo, kwa zege tambarare zinafanya kazi, ila zinategemea chumba sana, mimi ningezifanya chaguo la mwisho.

Mdau 2:

Naomba nipinge kidogo. Sabufa mbili ndogo ni bora kuliko moja kubwa, hilo linajulikana, besi inasambaa sawa chumba kizima. Mimi nina mbili za inchi 8 na nimeridhika.

Mleta uzi:

Mkuu uko sahihi kwenye kusambaa. Kama mnakaa watu watano kwenye makochi matatu tofauti, mbili zinasawazisha vizuri sana, mmoja hapati mafuriko na mwingine ukame. Ila mbili za inchi 8 zinazoishia Hz 40 bado zitaishia Hz 40, zinaongeza sauti, haziongezi kina. Na kwenye filamu utamu mwingi uko hapo chini, ile unayoisikia kifuani kabla hujaisikia masikioni. Kwahiyo kwa mwenye bajeti ndogo nasema aanze na moja yenye kina, akijaliwa baadae aongeze pacha wake, ile ile modeli. Akianza na mbili dhaifu siku akitaka kupanda itabidi aziuze zote.

Mdau 3:

Mi ni fundi wa dari, niongezee kwenye kutoboa. Kabla hujakata tundu kubwa toboa kwanza dogo la kidole katikati ya alama, chukua waya mgumu ukunje kama herufi L, mkono wake uwe urefu wa nusu ya tundu la spika, ingiza uzungushe mzunguko mzima. Ukigonga mbao au chuma sogeza alama, hilo tundu dogo unaliziba kwa pasti dakika mbili. Watu wanakata sentimita 20 nzima ndio wanakutana na mbao ya kenchi katikati. Halafu zile kucha za spika zinazobana jipsamu kaza kwa bisibisi ya mkono. Ukikaza na drili inabana mpaka jipsamu inapasuka kwa ndani, huioni, baada ya muda spika inaanza kulegea na kuzizima kila besi ikija.

Mleta uzi:

Fundi ubarikiwe, hiyo ya waya wa L ningeijua mapema ningeokoa matundu mawili. Niongeze tu kipimo cha tundu ufuate karatasi ya mduara inayokuja kwenye boksi la spika, sio jina la spika. "Inchi 6.5" ni koni, tundu lake mara nyingi linakaribia sentimita 20. Na chora kwa penseli, vaa miwani, unga wa jipsamu ukiingia jichoni siku imeisha.

Mdau 4:

Mkuu mimi nimeshanunua sabufa ya inchi 10, wati 150 RMS, nimeiweka pembeni ya TV maana ndio pana nafasi. Kwenye kochi besi siisikii kabisa, ila nikienda kusimama mlangoni inanipiga. Imeharibika?

Mleta uzi:

Haijaharibika, ni chumba. Kochi lako liko katikati ya chumba si ndio? Chukua urefu wa chumba, tuseme mita 5. Mwendo wa sauti ni mita 343 kwa sekunde, gawa kwa mara mbili ya urefu, 343 gawa kwa 10 unapata kama Hz 34. Kwa noti hiyo sauti inarundikana kwenye kuta za mwisho na katikati kabisa inakuwa karibu haipo. Wewe umekaa hapo hapo ilipokufa, na mlangoni ndipo iliporundikana.

Fanya hivi, na usione aibu. Ondoa mto mmoja, ibebe sabufa iweke JUU ya kochi, pale pale unapokaa. Weka kipande chenye besi inayopanda na kushuka taratibu, kirudie rudie. Kisha piga magoti, kichwa kiwe usawa ambao sabufa ingekaa, zunguka chumba kufuata kuta. Utasikia sehemu inavuma ovyo, sehemu imekauka, na sehemu moja au mbili kila noti inasikika kwa uwazi wake. Hapo ndipo pa kuiweka. Inafanya kazi kwasababu ukibadilishana nafasi, wewe ulipo na sabufa ilipo, chumba kinakupa jibu lile lile. Na kama unaweza sogeza na kochi nusu mita tu nyuma ya katikati, hiyo peke yake inaweza kumaliza tatizo.

Na usiogope kuiweka mbali na TV. Chini ya Hz 80 sikio halitambui vizuri sauti inatoka upande gani, mawimbi yenyewe yana urefu wa zaidi ya mita 4.

Mdau 4:

Aisee nimezunguka na magoti, imekubali nyuma ya kochi upande wa kushoto. Ni kitu kingine kabisa. Sasa vile vinobu nyuma vya krosova na fezi niviwekeje?

Mleta uzi:

Safi sana. Kinobu cha krosova nyuma ya sabufa kizungushe mpaka mwisho, au kama kuna swichi ya LFE (inayozima krosova ya sabufa) weka hapo. Krosova iwe moja tu na iwe ya risiva, zikiwa mbili zinakatana na unapata shimo. Kwenye risiva ingia kwenye spika zote, weka Small (maana yake besi yake iende kwenye sabufa), hata kama zako za mbele ni kubwa, za usawa wa masikio ziwe Hz 80, za dari Hz 100. Volyumu ya sabufa weka nusu, halafu chomeka ile maikrofoni ya risiva iweke kwenye stendi usawa wa sikio, usiishike mkononi, acha ipime, zima feni na kila kitu. Ikimaliza rudi ukaangalie, mara nyingi inajiamulia na kuzirudisha spika za mbele kwenye Large, wewe zirudishe Small.

Fezi, yaani koni ianze kusukuma mbele au nyuma, ni kusikiliza tu. Weka muziki wenye gitaa la besi, mtu mmoja akae kwenye kochi mwingine abadilishe 0 na 180. Ile ambayo besi inajaa zaidi ukiwa umekaa ndiyo yako.

Mdau 5:

Naomba msaada hapo hapo, sabufa yangu inavuma mmmmm muda wote hata filamu haijawashwa. Nimebadilisha waya wa RCA mara mbili.

Mleta uzi:

Chomoa RCA kwenye sabufa kabisa, iache na umeme tu. Mvumo ukibaki, amplifaya ya ndani ina shida, rudisha. Ukipotea, ni ardhi za umeme zinazungukana. Kwanza chomeka risiva, TV na sabufa kwenye ekstensheni moja. Ukibaki, rudisha RCA halafu chomoa kifaa kimoja kimoja kwenye risiva, ukianza na waya wa antena nyuma ya TV. Na usije ukakata ile pini ya ardhi ya plagi, kuna watu wanashauri hivyo, ile ndiyo inakulinda usipigwe shoti.

Mdau 5:

Antena! Nimechomoa tu, kimya. Nikirudisha unaanza tena.

Mleta uzi:

Basi tumempata. Tafuta isoleta ya waya wa antena, ni kadude kadogo kanachomekwa kati ya waya wa antena na TV, kanapitisha picha kanakata ile ardhi. Ukishakaweka rudisha volyumu ya sabufa ilipokuwa, maana najua uliishusha kwa ajili ya mvumo, halafu urudie kupima na maikrofoni.